Muulize Mhariri: Hela ya Nje, Kauli ya Nani?

Wadau wa kona hii, toleo lililopita tuligusia kidogo vikundi vya mialoni, kule boti za uvuvi zinakoshusha samaki, na wafadhili wao, tukasema nchi za nje zina milango mingi ya kupitishia mambo yao na mmojawapo ni vyama vya kiraia na makundi ya wanaharakati. Basi meseji zimemiminika, za matusi nimeziweka pembeni, ndefu nimezipunguza. Majina ya waulizaji tumeyaficha na majina ya mashirika waliyoyataja pia tumeyaficha.

SWALI: Mwangaluka mhariri. Mi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaoanika na kuuza dagaa hapa Igombe. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wa shirika moja la mjini, wakasema wana mradi wa kuwapa wanawake sauti, wakatuita semina hotelini, msosi wa maana, posho elfu thelathini kila mtu na nauli juu. Mwishoni zikapita karatasi tusaini, sisi tukajua ni za posho. Juzi binti yangu ananionyesha kwenye simu kuna tamko la Kiingereza, kikundi chetu kimo kwenye orodha ya waliounga mkono, na akinitafsiria naona linaongelea nchi nyingine kabisa iwekewe vikwazo, jambo ambalo hatujawahi kulijadili hata siku moja. Wenzangu wanasema tunyamaze maana tumeahidiwa vichanja vya kisasa vya kuanikia. Tufanyeje? (Katibu, Igombe)

JIBU: Mwangaluka dada katibu. Naanza na hizo karatasi maana shida yote imelala hapo. Karatasi ya posho ina safu ya jina, kikundi, namba ya simu, kiasi, sahihi. Sasa pale juu kabisa huwa kuna kichwa, na wengi wetu hatukisomi kwa sababu macho yameshakimbilia kwenye safu ya kiasi. Kikiandikwa "mahudhurio" sawa, umekiri tu kwamba ulikuwepo. Kikiandikwa "sisi tuliosaini hapa chini tunaunga mkono", hapo umeshatoa kauli. Na kuna ile kurasa ya pili ambayo inakuja tupu, haina kichwa wala tarehe, mistari na majina tu, hiyo inaweza kubanwa pini kwenye karatasi yoyote ile duniani na nyie mmeshapanda daladala mnarudi Igombe na elfu thelathini zenu.

Kwa hiyo cha kwanza, waandikieni barua. Fupi tu, kwamba kikundi hakikujadili wala kupitisha tamko la tarehe fulani, mnaomba jina litolewe, na mnaomba nakala ya karatasi mlizosaini. Nakala moja mpelekee afisa maendeleo ya jamii wa kata maana vikundi vya kijamii kama chenu viko chini ya halmashauri, nyingine ibaki kwenye faili la kikundi pamoja na muhtasari wa kikao mlichoamua hivyo. Mkikaa kimya leo, siku tamko hilo likileta maneno atakayeitwa kuhojiwa ni wewe katibu, wale vijana wawili utakuta namba zao hazipatikani.

Cha pili ni hilo la wafadhili. Shirika la mjini mara nyingi halina hela yake, limepewa na shirika kubwa la Dar au Nairobi, nalo limepewa na taasisi ya Ulaya au Marekani au kwingineko, na ile taasisi ukiifuatilia unakuta bajeti yake inatoka serikalini kwao. Sio siri na sio kosa. Zile taasisi za Kijerumani zenye ofisi Dar, Friedrich Ebert na Konrad Adenauer, kila mtu anajua sehemu kubwa ya hela yao ni ya serikali ya Ujerumani. Ya Marekani inayoitwa National Endowment for Democracy, iliyoanza 1983, inapewa fungu na Bunge lao. Tatizo linaanza hela ikishabadilisha jina mara tatu njiani, ikifika mwaloni hakuna anayejua ilianzia wapi wala ilitumwa kufanya nini.

Nyie mna haki ya kuuliza. Kanuni za NGO za 2018 hapa kwetu zinalitaka shirika lililopata zaidi ya shilingi milioni 20 liweke wazi chanzo cha hela na matumizi yake, kwa hiyo ukimuuliza yule kijana "mfadhili wenu nani na mradi unaitwaje" hujamtukana. Akianza kuzunguka zunguka, eti hayo mambo ni ya makao makuu, wewe muombe jina la huyo wa makao makuu na namba yake.

Ila mi ningekazania swali lingine zaidi, nani aliliandika lile tamko na lini. Kama lilikuja limeshachapwa kabla hamjakutana basi ile semina haikuwa ya kuwapa sauti, walikuwa wanatafuta majina ya kuliwekea uzito. Na usidhani ni nyie tu. Machi 2020 Facebook na Twitter walifuta akaunti kibao zilizokuwa zinaendeshwa kutoka Ghana. Kulikuwa na NGO pale Accra, imeajiri vijana, imewapa simu, kazi yao ni kuposti mtandaoni habari za ubaguzi wa rangi Marekani. Kwa nje ni shirika la kutetea haki. Uchunguzi ukaonyesha kamba inaishia Urusi, na baadhi ya wale vijana walisema hawakuwa na habari kabisa wanamfanyia nani kazi. Ubaguzi wenyewe upo, hawakutunga, ila aliyekuwa anaamua leo waposti nini na kesho nini alikuwa na hesabu zake za kuwagombanisha Wamarekani wenyewe kwa wenyewe.

Kuhusu vichanja, kama waliahidi kwa maandishi wadaini. Kama waliahidi kwa mdomo na sasa vinategemea nyie kunyamaza, basi hivyo sio msaada dada yangu, mnalipwa.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nasoma chuo hapa Malimbe. Mwenzetu mmoja kwenye mdahalo alisema NGO zote na wanaharakati wote ni vibaraka wa mabeberu, na kwamba zamani hata majarida na vyama vya wanafunzi vilikuwa vinalipwa na majasusi. Mimi nikamwambia anaota. Nani alishinda? (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

JIBU: Mdogo wangu, hilo la zamani rafiki yako yuko sahihi. La kwanza kapitiliza.

Tuanzie hapo ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kampala. 1961 jamaa anaitwa Rajat Neogy alianzisha jarida la Transition, kali kweli kweli, wasomi wa Afrika yote walikuwa wanagombania kuandika humo na kujibizana humo. Baadaye, kwenye 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalipoanza kufukua, ikaonekana kwamba taasisi iliyokuwa inalisaidia, Congress for Cultural Freedom, iliyoanzia Berlin 1950, ilikuwa inalishwa na CIA, shirika la kijasusi la Marekani. Taasisi hiyo hiyo ndo ilitoa hela za mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika pale Makerere 1962. Na 1967 hiyo hiyo chama cha taifa cha wanafunzi wa Marekani nacho kikaumbuka kwamba miaka na miaka kilikuwa kinakula hela ya CIA. Upande wa pili wala hawakulala, umoja wa kimataifa wa wanafunzi wenye makao Prague na lile Baraza la Amani la Dunia vilikuwa vinaimba wimbo wa Moscow, hata pale Moscow ilipopeleka vifaru nchi za watu.

Sasa sikiliza hapa maana ndo watu wanapoparuka. Jarida la Neogy lilikuwa linasema ovyo? Hapana. Lilikuwa linachapa makala za pande zote, na 1968 serikali ya Obote ilimkamata yeye pamoja na mbunge Abu Mayanja kwa tuhuma za uchochezi, kisa makala na barua zilizokosoa mambo ya katiba na mahakama za Uganda. Kwa hiyo mtu mmoja kaponzwa mara mbili, wakubwa wa nje wamemtumia bila kumwambia na wakubwa wa ndani wamemfunga kwa kusema. Mwenzako kwenye mdahalo angemuweka Neogy kapu gani? Mimi namuona ni mhariri aliyefanya kazi yake vizuri akiwa na mfadhili mwongo, na ule uongo ndo uliomharibia maana siku ulipofichuka kila sentensi aliyowahi kuichapa ikaanza kutiliwa shaka, hata zile za kweli tupu.

Halafu kuna watoto wetu wawili wa ziwa hili hili. Wanasiasa wa Kenya, Tom Mboya kwao Rusinga, Oginga Odinga kwao Bondo, ukitoka na boti unaona ni maji yale yale. Mboya alisaidiwa na vyama vya wafanyakazi vya Magharibi, Wamarekani wakamsaidia kujenga Solidarity House Nairobi, na 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, mwaka uliofuata hela ya familia ya Kennedy ikaingia. Odinga akaelekea Mashariki, Moscow na Beijing, akapeleka vijana kusoma huko, na 1964 kikafunguliwa chuo cha makada kilichoitwa Lumumba kwa hela ya Kisovieti, mwaka mmoja tu kikafungwa. Kila mmoja alimuita mwenzie kibaraka, na wote wawili walikuwa na hoja zao za kweli kuhusu Kenya, ardhi, mishahara, nani atawale. Hospitali kubwa ya Kisumu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na wenyeji mpaka leo wanaiita Russia, wala haiwasumbui, wanaenda kujifungua pale na kutoka na watoto wao.

Kwa hiyo ukirudi kwenye mdahalo mwambie hivi, historia inaonyesha majasusi walipenyeza hela kwenye vyama vya kiraia, ndiyo, tena pande zote mbili za vita baridi. Haionyeshi kwamba kila aliyekuwa ndani alikuwa anatumwa. Ukitaka kumtuhumu mtu lete kitu, mkataba, barua ya maelekezo, hela iliyofichwa, msimamo uliogeuka ghafla siku mfadhili alipogeuka. Hicho cha mwisho ndo kipimo changu ninachokipenda na hakikugharimu kitu, chukua tu matamko yao ya miaka mitatu uyasome kwa mfululizo.

SWALI: Nyie waandishi mnawalea sana hawa wanaharakati. Mimi natoka Muleba, bomba la mafuta linapita kwetu, ajira zimekuja, halafu kuna watu wanalipwa na Ulaya kuzunguka wanapinga. Si tutunge sheria kama ya Urusi, anayekula hela ya nje aandikwe wakala wa nje yaishe? (Mzalendo, Muleba)

JIBU: Mzee wangu shikamoo, nadhani umenizidi umri. Hasira naielewa. Ila tuhesabu wageni kwanza. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Tanga, 1,147 kati ya hizo ziko kwetu, na mwenye hisa kubwa ni TotalEnergies ya Ufaransa, asilimia 62. Wachina wa CNOOC wana 8, Uganda 15, sisi kupitia shirika letu la mafuta, TPDC, 15. Kwa hiyo anayepinga ana hela ya Ulaya, na anayejenga ana hela ya Ulaya, mkulima wa Muleba kasimama katikati na migomba yake. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa bomba na kutaka TotalEnergies isubiri mwaka mmoja, Waganda wakaja juu wakasema huu ni ukoloni mamboleo, na kwa kweli kulikuwa na haki ya kukasirika, watu waliochimba na kuchoma mafuta yao miaka mia leo wanakuja kukufundisha wewe kusubiri.

Lakini kuna wenye mashamba waliolalamika fidia imechelewa. Hao hawakuhitaji mtu wa Brussels awaambie kwamba hela haijaingia, walikuwa wanaangalia salio wenyewe. Mwanaharakati akibeba lalamiko hilo, swali la kwanza ni je fidia ilichelewa, ndiyo au hapana. Nauli yake kalipa nani ni swali halali pia, liulize, ila halifuti lile la kwanza.

Sheria ya Urusi sasa. Ilianza 2012 kwa mashirika yanayopokea hela ya nje na kufanya yanayoitwa mambo ya siasa, ikawa inavutwa kidogo kidogo, na kwa sheria ya 2022 hata hela haihitajiki tena, ukionekana uko "chini ya ushawishi wa nje" inatosha. Marekani nao wana ya kwao ya 1938, ilitungwa kwa ajili ya mapropaganda wa Hitler, ila kwa asili yake inamwangalia anayefanya kazi kwa maelekezo ya mgeni, sio kila aliyepewa ruzuku. Georgia, ile nchi jirani na Urusi, walipitisha yao 2024, ukipata zaidi ya asilimia 20 kutoka nje unaandikishwa, barabara za Tbilisi zikajaa waandamanaji wiki nzima nzima. Ukiniuliza mimi nachukua ile inayosema toa mahesabu hadharani, siichukui inayosema vaa kibandiko. Uganda hapo jirani Agosti 2021 walisimamisha mashirika 54 kwa mpigo, ndani yake mengine kosa lake lilikuwa makaratasi, mengine yalikuwa yanasaidia watu wa vijijini kudai fidia.

Na wewe mtu wa Muleba nikukumbushe BAWATA, lile baraza la wanawake. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Anna Tibaijuka, mbunge wenu wa baadaye wa Muleba Kusini. 1997 likafutiwa usajili kwa hoja kwamba linafanya siasa kama chama. Miaka mingi baadaye Mahakama Kuu ikasema hatua ile haikuwa halali, lakini baraza lilishakufa zamani. Kibandiko kikishabandikwa hakisubiri hakimu mzee wangu, na siku nyingine kinaweza kubandikwa kwenye ushirika wenu wa kahawa kwa sababu mmenunuliwa mashine na Waholanzi.

SWALI: Kila siku Marekani na Ulaya tu. Warusi na Wachina wao malaika? (Mvuvi, Musoma)

JIBU: Malaika wapi kaka. Kibaha pale kuna chuo cha uongozi cha Mwalimu Nyerere, kimefunguliwa 2022, kimejengwa kwa hela ya Chama cha Kikomunisti cha China, na wanaosoma ni makada wa vyama sita vya ukombozi ikiwemo CCM. Hicho hakijajificha, bango liko barabarani, ila ukinambia hakuna ushawishi pale nitacheka. Wachina wanapenda kuongea na chama tawala na serikali, wa Magharibi wanapenda kupitia NGO, ndo maana wa Magharibi wanaonekana zaidi mitaani.

Warusi wa marehemu Prigozhin, yule mwenye jeshi la kukodi la Wagner, walikuwa na mtindo wao. 2018 likaibuka shirika la AFRIC, kwa jina ni la utafiti na ushirikiano, likawa linapeleka waangalizi wa uchaguzi nchi za Afrika kuanzia Zimbabwe, wanasema uchaguzi safi kabisa. 2021 Marekani ikaliwekea vikwazo ikisema ni la mtandao wake. Na usisahau Desemba 2020 Facebook walifuta mitandao ya akaunti feki iliyokuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe Jamhuri ya Afrika ya Kati, upande mmoja Warusi, upande wa pili watu waliohusishwa na jeshi la Ufaransa. Feki wa huku anamuita feki wa kule feki. Wananchi wa Bangui wanasoma tu.

SWALI: Mhariri pole na majukumu. Nilikuwa mratibu wa mradi hapa Nyamagana, hela ilikuwa ya Wamarekani, 2025 ikakatika tukafunga ofisi. Sasa tumepata ofa ya ubalozi mmoja wa nchi nyingine, hela nzuri, ila kwenye rasimu ya mkataba kuna kipengele kwamba machapisho na matamko yetu yote lazima wayapitie kwanza kabla hayajatoka. Tuna watu kumi na mbili nyumbani hawana kazi. Tusaini? (Mratibu wa zamani, Nyamagana)

JIBU: Pole sana, na wenzako pia. Wengi wa kanda ya ziwa wanalia kilio hicho hicho tangu amri ya Trump ya Januari 2025 ya kusimamisha misaada mpaka USAID, shirika lao la misaada, ilipofungwa rasmi 1 Julai na mabaki yake kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Tulishazoea kuona ile hela kama mvua za vuli, kumbe kulikuwa na mtu mmoja ofisini anaweza kuifunga kwa sahihi.

Kuhusu mkataba, wafadhili wengi huwa wanataka kuona nembo yao imekaaje na mahesabu yako sawa, hilo la kawaida wala msigombane nalo. Kupitia kila tamko kabla halijatoka ni kitu kingine, maana yake siku meli ya nchi yao ikimwaga uchafu ziwani au kampuni yao ikigombana na wavuvi, nyie mtapeleka tamko ubalozini likasahihishwe. Rudisheni rasimu. Ombeni kipengele kibaki kwa machapisho ya mradi huu tu, yale yanayobeba nembo yao, na muongeze mstari kwamba bodi yenu ndo yenye kauli ya mwisho kwa mengine yote. Ombeni pia ruhusa ya kutaja jina lao na kiasi hadharani, maana kanuni zetu zinawadai hivyo. Na kama mradi una elimu ya uraia kwa vyama vya siasa, sheria ya 2019 inataka Msajili wa Vyama aarifiwe kwa maandishi siku 30 kabla, msije mkaanza semina halafu ndo mnakumbuka.

Wakikubali, sainini watu warudi kazini. Wakikataa hilo la jina kutajwa hadharani, mimi ningeondoka mezani hata kama chai haijaisha, na ningewaambia wale kumi na mbili kwa nini.